Maabara Keshero: naweza kufuata mpango wa Salk?

Mwanafunzi_Goma: Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa usanifu hapa Goma. TFE yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo, ni jengo la utafiti wa maji na gesi za volkano, kiwanja kiko Keshero. Nimependa Salk Institute, taasisi ya utafiti iliyosanifiwa na Louis Kahn kule La Jolla, California, iliyomalizika 1965: safu mbili za majengo zinatazamana, katikati uwanja mtupu na mfereji mwembamba wa maji. Nimechora vilevile, pamoja na maabara mbili chini ya ardhi. Profesa ameuliza kitu kimoja tu: mabomba yatapita wapi?

Fundi_Bomba: Mdogo wangu, profesa amegusa penyewe. Mimi si msanifu, kazi yangu ni mabomba na umeme wa maabara. Picha za ule uwanja zimewapumbaza wengi. Ujanja wa Salk uko juu ya dari: kila ghorofa ya maabara ina ghorofa nyingine nzima juu yake, ya mabomba, nyaya na njia za hewa, kimo karibu mita 2.7, fundi anatembea wima. Mihimili ya Vierendeel, ile mirefu yenye matundu makubwa ya mstatili, inapita mlemle, ndiyo maana maabara haina nguzo katikati. Mtafiti akitaka gesi mahali papya, fundi anaunganisha huko juu na kazi chini haisimami.

Hapa kwetu sijaona mteja wa kulipia ghorofa ya mabomba. Weka korido nyuma ya maabara, mabomba yaonekane ukutani. Usizike kitu ndani ya zege, bomba la asidi likivuja utavunja sakafu nzima. Makabati ya kuvuta mvuke wa kemikali yatoe hewa juu ya paa, mbali na hewa safi inapoingilia. Umeme ukikatika feni zake zinasimama, mvuke unarudi puani mwa mtu. Kwa hiyo jenereta ihudumie feni kwanza, kompyuta ya mkurugenzi ingoje.

Mama_Kemia: Maabara chini ya ardhi, Keshero?! Salk wamezichimbia nyua za kuingiza mwanga, sawa. Huku shimo kama hilo ni makao ya mazuku, ile gesi ya volkano inayoua. Kaboni dioksidi inapenya kwenye nyufa za mawe, ni nzito kuliko hewa, inajaa mabondeni bila kuonekana, mbuzi anaanguka kabla hujashtuka. Utategemea feni? Fundi amekwisha kukuambia habari za umeme. Panda juu. Na paa usiweke mabati ya kawaida, moshi wa volkano ya Nyiragongo ukichanganyika na mvua unayala.

Mwanafunzi_Goma: Aksanti Mama, aksanti Papa. Za chini nazifuta. Korido nikiiweka magharibi, itakinga pia jua la jioni?

Fundi_Bomba: Itakinga. Kahn huyohuyo, kwenye maabara za Richards kule Philadelphia, aliweka vioo vingi, watafiti wakaishia kubandika karatasi za aluminiamu madirishani. Ila upana wa korido utoshe watu wawili kupishana, mmoja akiwa na ngazi begani.