Nilime nyonyo Kongwa, au hamira ya maabara itanipiga bao?

Kijana_wa_Kongwa:
Wakuu, habari za jioni. Nina digrii ya bayoteknolojia, kwa sasa nauza chaja na kava za simu Dodoma mjini. Baba mdogo ameniachia ekari 8 Kongwa zilizokuwa za alizeti. Kapata mtu anayetafuta mbegu za nyonyo za kukamua mafuta ya viwandani, anataka tupande zote mvua zikianza.

Shida ni hiki kisomo changu. Chuoni tulifundishwa baiolojia sintetiki: unaandika upya vinasaba vya hamira, inatengeneza ndani ya tangi kitu ambacho zamani kililimwa. Sasa kila nikitazama lile shamba naona tangi la Ulaya linanicheka. Nikimweleza baba mdogo anasema, "Hamira si ya mandazi?"

Akiba ni milioni 2 na laki 3. Nipande, au iwe mwanzo wa ada ya masters? Nawasilisha.

Nipo_Siti_ya_Nyuma:
Naweka kigoda hapa, waje wataalamu.

Fundi_Hadubini:
Baba mdogo kapatia bila kujua, ni jamii ile ile ya mandazi. Timu ya Jay Keasling kule Berkeley, Marekani, ilipachika vinasaba vya pakanga, mmea wa dawa, kwenye hamira. Mwaka 2006 wakatangaza kwamba inatoa asidi ambayo ukiigeuza kikemia unapata atemisinini, ile ya dawa mseto ya malaria. Mwaka 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi wakaanza kuizalisha kwa wingi kiwandani Garessio, Italia. Tukasema wakulima wa pakanga kwisha habari.

Wapi! Atemisinini ya shambani ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo, ya hamira ilitaka 350 hadi 400. Kiwanda kikauzwa. Jembe ndilo lililolipiga tangi bao, ingawa mwenye jembe naye aliuza kwa bei ya kuumia. Hapo usipasome haraka.

Nyonyo ni ngumu zaidi kuigiza. Karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi moja, ya risinoleiki, inayotakiwa kwenye vilainishi vya mitambo na nailoni 11, aina ya plastiki. Watafiti walihamishia kinasaba chake kwenye arabidopsisi, kimmea cha maabara, wakaambulia asilimia 17 hivi. Mshindani wako si hamira, ni mkulima wa Gujarat, India.

Mkamuaji_Singida:
Sayansi mmemaliza, mimi nauliza mashudu. Ya alizeti wafugaji wanayagombania. Ya nyonyo yana sumu ya risini, ng'ombe wa mtu akila utalipa ng'ombe. Gunia la nyonyo haligusi mashine yangu, hata unilipe. Halafu haziivi pamoja: shuke hili linapasuka, lile bado bichi, unarudi kuchuma mpaka uchoke.

Huyo mnunuzi kaandika bei wapi?

Kijana_wa_Kongwa:
Kwa simu tu, mkuu.

Mkamuaji_Singida:
😂😂 Aya.

Bi_Zuzu:
Mwanangu, kuhusu masters. Hapo Makutupora, Dodoma, mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, yalianza kupandwa kwa majaribio 2016. Novemba 2018 serikali ikaamuru yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Ukienda kusomea kubadilisha mimea, ujue ukirudi shamba la kujaribia unaweza kulikosa. Hamira ya ndani ya tangi ina nafuu kidogo, ila kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009 nazo zisome. Na milioni 2 si ada ya masters, ni nauli na fomu.

Kijana_wa_Kongwa:
Nimempigia mnunuzi. Bei ataijua "mzigo ukifika". Basi alizeti ekari 6, nyonyo 2 kule korongoni mbali na njia ya mbuzi, nione uchumaji wenyewe. Baba mdogo kanuna, hapokei simu.

Bi_Zuzu:
Mpelekee sukari, atapokea.