Naomba ushauri: namna ya kufunga ndoana za paiki bila kumuumiza samaki

Wakuu habari. Niko Uingereza, navua paiki mtoni kwa chambo cha makrili mzima aliyekufa, na kila ninayemnasa namrudisha majini. Kwa wasiomjua paiki (pike), ni samaki mwenye mdomo kama wa bata uliojaa meno, nailoni anaikata mara moja, kwa hiyo waya mbele ya ndoana ni lazima. Wangu una sentimita 50.

Wengi hapa hufunga ndoana mbili za meno matatu kwenye chambo kimoja. Paiki hukikamata kwa ubavu, kisha hukigeuza na kukimeza kichwa kwanza. Ukichelewa kuvuta, ndoana ziko kooni karibu na matamvua, na kuzitoa huko unaweza kumuua.

Nafikiria kubakiza ndoana moja ya meno matatu kwenye shina la mkia wa chambo, nyingine iwe ya jino moja, na vile vijino vya kuzuia ndoana isichomoke nivibane kwa koleo. Je, samaki hatachomoka ovyo? Na ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, mnaiamini? Inataka ukaze mshipi taratibu bila kukurupuka, na huko kusubiri ndiko ninakokuogopa. Koleo refu na mkeka wa kumlazia ninavyo.