Tupeane uzoefu: siku ulipopeleka pikipiki yako ya zamani kwenye maonyesho

Kiki ya Kwanza, Nairobi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Msimu wa maonyesho unakaribia na kwenye klabu yetu mazungumzo yote sasa ni nani atapeleka pikipiki gani na ataiandaa vipi. Naomba tukusanye uzoefu hapa. Kitabu cha kiwanda kitakufundisha kufungua injini, lakini hakikwambii la kufanya jua la saa saba likiwa utosini na kila anayepita anataka kukalia siti apige picha.

Naanza mimi. Yangu ni BSA Bantam D1, pikipiki ya Kiingereza ya cc 125, kijani hafifu. Kwa wasioifahamu, ilianza kuuzwa 1948. Asili ya mchoro wake ni DKW RT125 ya Ujerumani, ambao Waingereza waliuchukua kama fidia ya vita. BSA wakaugeuza kama unavyoonekana kwenye kioo, ndiyo maana gia iko kulia na breki ya mguu kushoto. Nikiwaeleza wageni hilo, hata vijana wa bodaboda waliokuja kuangalia mashine mpya huinama kuichunguza.

Nimeipeleka Africa Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road. Hapo magari na pikipiki hushindanishwa, na majaji hupita moja baada ya nyingine. Aliyenifikia mimi hakuhangaika na tangi. Alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya madgadi ya nyuma, kisha akamulika tochi pale cheni inaporusha grisi nyuma ya injini. Kwa hiyo anayetaka alama ajue kazi iko huko chini: mswaki uliochakaa, mafuta ya taa, matambara, na uanze wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Msimamo wangu, na najua wengine hamtaukubali: rangi ya kiwandani ikiwa bado ipo, hata kama imepauka, iacheni. Kwenye tangi la Bantam yangu kuna sehemu rangi imeliwa hadi kwenye bati, pale goti la mmiliki wa kwanza lilipokuwa likisugua. Mzee mmoja aliyekuwa na kama hiyo enzi zake za ualimu alisimama hapo muda mrefu, akapaangalia, akaniambia, "Huyu alikuwa mtu mfupi." Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe goti la mtu mrefu lingefika wapi. Ningepiga rangi upya, mazungumzo yale nisingeyapata.

Karibuni.

Fundi Spoku, Dar es Salaam

Mkuu, kwenye rangi nakuunga mkono nusu. Bati likishaanza kutoboka hakuna cha kuacha, piga msasa, ziba, paka. Ila nina mambo mawili ambayo nayaona kila mara watu wakiniletea pikipiki za Kiingereza wiki moja kabla ya maonyesho.

La kwanza ni spana. BSA, Triumph na Norton za zamani nyingi zina nati za Whitworth na jamaa zake, yaani vipimo vya zamani vya Kiingereza vya inchi, si milimita. Spana ya milimita itaingia ikilegalega, ukivuta kwa nguvu inakula kona. Nati iliyoliwa kona inaonekana hata na mtu asiyejua pikipiki. Mimi nilikuwa na BSA M20 ya mteja, ile ya cc 500 ya jeshi, kati ya zaidi ya 120,000 zilizotengenezwa, na nati zote za kichwa cha injini zilikuwa zimeshakuwa za duara. Ilipendeza kwa mbali, ukisogea tu aibu. Tafuteni seti moja ya spana za Whitworth, hata iliyotumika, muitunze.

La pili ni zito zaidi. Ukipeleka kava za injini kung'arishwa, usimwachie fundi sehemu yenye namba. Jamaa mmoja alirudishiwa injini inang'aa kweli, lakini mashine ya kusugua ilishapita juu ya namba, zimebaki vivuli. Sasa kadi inasema kitu na injini haisemi kitu. Amehangaika nayo mpaka leo. Bandika utepe mgumu juu ya namba, na kama unaweza simama hapohapo mpaka amalize.

Small Heath, Birmingham

Habari za huko ndugu zangu. Mimi ni wa Mombasa, ila nakaa Birmingham, mtaa ambao kiwanda cha BSA kilikuwa kabla hakijafungwa miaka ya 1970. Huku mambo ya klabu yana uzito wake. Ile Vintage Motor Cycle Club (VMCC), klabu ya wapenzi wa pikipiki za zamani, ilianzishwa 1946 na hadi leo wana matawi nchi nzima.

Klabu yetu ndogo hushiriki maonyesho ya Stafford, hukuhuku Uingereza, ya Aprili na Oktoba. Pale klabu hupewa eneo, na eneo lenyewe linashindania zawadi. Kwa hiyo hatupeleki pikipiki nzurinzuri tu zikapangwa mstari. Tunachagua jambo moja. Safari moja tulichagua pikipiki za kazi: ya posta, ya jeshi, moja yenye kikapu cha pembeni iliyokuwa ikibebea zana za fundi. Kila moja ilikuwa na kadi fupi, mistari minne au mitano, maandishi makubwa: mwaka, cc, ilifanya kazi wapi, nani anaitunza sasa. Watu husoma kadi kabla hawajaangalia pikipiki. Kadi ndefu hawaisomi.

Wanaotarajia kuonyesha ndani ya ukumbi waulize mapema masharti. Waandaaji wengi hutaka tangi liwe tupu na waya wa betri ufunguliwe, kwa hofu ya moto. Na wekeni sinia chini ya injini. Pikipiki ya Kiingereza ya umri huo isiyovuja oili kwa kawaida ni ile isiyokuwa na oili.

Mwanzisha mada, Bantam yako uliifuatilia ilikotoka? VMCC wana daftari za kiwanda za BSA. Ukiwapelekea namba ya fremu na ya injini wanaweza kukutafutia tarehe iliyotoka kiwandani na ilikopelekwa. Yangu mimi iliandikwa imepelekwa Afrika Mashariki, kisha sijui ilirudije huku! Niliposoma nilimpigia simu mama usiku uleule. Hilo ndilo linafanya haya maneno ya Fundi Spoku kuhusu namba yawe ya maana sana.

Mtoto wa Bwana Shamba, Iringa

Jamani, mimi sina BSA. Nina Yamaha AG100 ya marehemu baba, alikuwa bwana shamba, akainunua kwenye mnada alipostaafu. Ina keria mbele na nyuma, na stendi mbili, kushoto na kulia, ili uiegeshe kwenye mteremko wowote. Nimealikwa kuipeleka kwenye maonyesho na nasita. Je, hiyo nayo ni pikipiki ya zamani ya kuonyeshwa? Watu si watacheka?

Kiki ya Kwanza, Nairobi

Ilete ndugu yangu, ilete bila kusita. Hata hao VMCC wanapokea pikipiki yoyote iliyofikisha miaka 25. Na hapa kwetu nani hakuwahi kumwona bwana shamba, padri au mganga wa zahanati akipita na mojawapo ya hizo? Triumph Bonneville watu huipiga picha. Hiyo yako watakuja kuikumbatia. Keria usizing'oe, na kama una kofia ya baba au daftari lake la ziara, viweke pembeni.

Vespa ya Darajani, Unguja

Assalam alaykum. Huku kwetu adui ni chumvi. Vespa mwili wake wote ni bati, si fremu ya bomba kama zenu, basi kutu ikianzia chini ya sakafu ya miguu inatembea ndani kwa ndani na juu huoni kitu. Kila nikitoka nayo barabara ya pwani naiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naikausha, halafu chini naipaka grisi nyepesi. Siku ya maonyesho grisi ile naifuta kwa mafuta ya taa, jioni naipaka tena.

Na kuhusu watoto kukalia siti, mimi nawaruhusu. Naweka stendi vizuri, nawashika mwenyewe, wazee wao wanapiga picha. Wanaojiunga na klabu yetu sasa hivi baadhi yao ni vijana waliokalishwa hivyohivyo wakiwa wadogo.

Fundi Spoku, Dar es Salaam

Hapo kwenye stendi niongezee: maonyesho ya majanini, bebeni kipande cha mbao cha kuweka chini yake. Ardhi ikilainika mchana, pikipiki inalala taratibu upande mmoja na inaangukia ya jirani. Na za Kiingereza nyingi za zamani, betri upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye fremu. Akija kijana mwenye nia njema kukusaidia kuunga waya, mwambie kabla hajagusa.

Mtoto wa Bwana Shamba, AG100 ni tustroku, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, hakikisha ekzosi imesafishwa kaboni ndani, la sivyo ukiiwasha mbele ya watu utawafukuza kwa moshi. Ukikwama nitumie picha za kabureta niione.

Mtoto wa Bwana Shamba, Iringa

Shukrani sana wakuu. Daftari la ziara lipo, mama amelihifadhi. Picha za kabureta natuma leo jioni. Swali moja limebaki: mpira wa kiki umeisha kabisa, na wa Kichina nilioukuta dukani ni mnene, hauingii. Nani ana wa asili, au anajua duka?