Korido wangu wanakimbilia juu ya maji kila saa, shida nini?

Mgeni_wa_Tangi
Wakuu naombeni msaada. Nina tangi la lita 60, nimeweka korido watatu, wale kambare wadogo wa chini wanaozunguka wakinusanusa, aina ya rangi ya shaba. Sasa kila baada ya muda mmoja anachomoka kama risasi mpaka juu, anameza hewa, huyo anarudi chini. Nikadhani wanakosa hewa nikaongeza pampu lakini wapi. Halafu sharubu zimepungua, mmoja kabaki na visiki tu utadhani kanyolewa. Chini nimeweka changarawe, maji nyuzi 27, chakula wanaokota kinachodondoka toka kwa samaki wa juu, si ndo kazi yao kusafisha?

SharubuNdefu
Hiyo ya kupanda juu isikunyime usingizi mkuu, korido anameza pumzi na utumbo wake unafyonza oksijeni, ndo walivyoumbwa. Ila wakipanda wote mfululizo pima amonia na naitraiti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote zinatakiwa sifuri. Na 27 kwa hao ni joto, shusha iwe 23 mpaka 25, maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Mimi naona adui ni changarawe. Huyu samaki anakula kwa kuchimba, anazamisha uso hadi machoni na mchanga unamtokea kwenye mashavu, sasa kwenye mawe makali atachimbaje? Toa, weka mchanga laini.

Mzee wa Filta
Napingana kidogo na aliyetangulia. Wangu sharubu ziliisha wakiwa kwenye mchanga huohuo laini, kisa uvivu wangu wa kubadilisha maji, uchafu ukalala chini na wao ndo wanalala hapohapo. Nikaanza kutoa robo ya maji kila wiki, ninanyonya chini kwa mpira, maji mapya naondoa klorini kwanza, zikaota tena japo sio kama za mwanzo. Changarawe ubaya wake mkubwa ni kuficha uchafu. Na hilo la kusafisha futa kabisa, hawali kinyesi!! Wawekee vidonge vya kuzama ukishazima taa, la sivyo wa juu watamaliza.

kikombe_tu
Mbona hamjamwambia watatu ni wachache? Sita kwenda juu, na wawe aina moja, wakiwa wachache wanajificha tu. Siku ya kuwatoa usitumie wavu, mapezi yana miiba inanasa kwenye nyuzi, mi nilishawahi kukata wavu mzima kwa mkasi kumnusuru mmoja, na akanichoma kidole, aisee inauma. Kinga kwa kikombe.

Mgeni_wa_Tangi
Nimepima amonia ipo kweli, aibu yangu, nimebadilisha maji leo.

Mgeni_wa_Tangi
Wiki ya tatu sasa. Mchanga umeingia, amonia ilivyotulia kwenye sifuri nikaongeza watatu, wanatembea kundi moja kama wanaenda harusini, na yule wa visiki zimeanza kuchomoza. Kupanda juu bado ila mara mojamoja. Swali la mwisho msinicheke, jana mmoja kanikonyeza au macho yangu?

SharubuNdefu
Hahaha kope hana huyo, analigeuza jicho kuangalia chini ndo unaona kama kakonyeza. Wangu huwa nawajibu.