Korosho za 2018: serikali ikiwa mnunuzi pekee, nani wa kuibana?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Najua nitatukanwa, lakini tujadili. Mimi ni wa kundi linaloamini serikali ikae mbali na biashara za watu. Sisemi viongozi ni wabaya. Hata wangekuwa malaika, serikali ikishageuka mfanyabiashara, mtu akidhulumiwa hana pa kukimbilia.

Mfano wangu ni korosho, msimu wa 2018/19. Juni 2018 sheria ilibadilishwa, ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje ukaingia wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Kabla ya hapo asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wapi! Oktoba minada ikafunguliwa, bei ya dunia imeshuka, wanunuzi wakaandika shilingi 2,700 kwa kilo kushuka chini, wakati msimu uliotangulia watu walishaizoea 4,000. Wakulima wakagoma kuuza. Haki yao, mali ni yao. Mambo yangeachwa hapo, muuzaji na mnunuzi wavutane mpaka mmoja alegeze. Badala yake tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi litazisomba.

Shangwe mnaikumbuka. Uhakiki je? Mkulima anaulizwa shamba lako liko wapi, kilo hizi umezipataje. Yaani mwenye mali ndiye anayejitetea mbele ya mnunuzi kwamba si kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mnada, ndipo alipwe! Wapo waliosubiri miezi. Mnunuzi binafsi akikuzungusha hivyo utamshtaki, au mwakani humuuzii. Huyu mwenye bunduki, magari na hazina utamnyima korosho umpe nani?

Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000. Ukavunjika hata nusu mwaka haijafika. Mtaniambia mawaziri wawili walitumbuliwa Novemba. Sawa, ila waziri akitumbuliwa anakuwa amewajibika kwa aliyemteua. Mkulima wa Newala aliyekopa huku anasubiri malipo hakurudishiwa hata senti ya riba.

Wa Tandahimba

Mkuu, umeandika vizuri, ila inaonekana korosho unazijua za kwenye pakiti.

Njoo huku Agosti. Salfa, dawa ya mikorosho, imeshapulizwa, fedha imekwisha, ndani hamna unga. Anayebisha hodi wakati huo si soko huria, ni kangomba, na anazinunua zikiwa bado mtini, kwa bei anayoipanga yeye. Ukinusurika kwake unakutana na mnada wa wanunuzi watatu waliolala gesti moja na kunywa chai meza moja, halafu barua zao za bei zinapishana shilingi tano. Huo nao ndio uhuru?

Waliochelewa kulipwa wapo, sikatai. Lakini kulikuwa na minada iliyofunguliwa kwa 1,900. Kwa bei hiyo mtu hapati hata nauli ya kwenda kulalamika.

Mpita njia

Kwa hiyo mleta mada hata barabara ya Mtwara unataka tujijengee wenyewe?

Mleta mada

Barabara haina mnada. Usinitoe kwenye mada.

Mhasibu mstaafu wa ushirika

Nyote wawili mmeruka mtu wa katikati. Liwale, Aprili 2013, nyumba zilichomwa moto kwa sababu ya malipo ya pili, yaani awamu ya mwisho ya fedha za korosho, kuja pungufu. Watu hawakuwa wakigombana na mnunuzi wa Vietnam. Hasira zao zilikuwa kwa viongozi wa ushirika na wanasiasa wao wa pale pale. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mzigo ghalani kisha kuupiga mnada, ianze kwenye korosho, 2007, mkulima anapitishia mzigo AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, atake asitake, makato yanatoka kabla hajaiona fedha. Ushirika wa kulazimishwa ni idara tu ya serikali isiyokaguliwa vizuri.

Mleta mada, ukitaka uhuru kamili, useme wazi: kangomba ahalalishwe?

Mleta mada

Ndiyo. Kangomba ni mkopeshaji mwenye riba mbaya. Ukimfanya mhalifu unaiongeza, maana hatari ya kukamatwa ataitia kwenye bei. Wakiwa kumi, wanajulikana, wameandika bei zao mlangoni, yule wa tano atapandisha ili awapokonye wenzake mzigo.

Na hao watatu wa gesti moja: tazama masharti ya usajili na dhamana, ndipo utajua mnunuzi wa nne alizuiwa na nani. Hilo la Agosti na unga, nakiri sina jibu zuri.

Wa Tandahimba

Huna, kwa sababu jibu lake ni mkopo wa bei nafuu au ruzuku, na vyote viwili hutaki kuvisikia. Msimu wa 2024/25 mavuno yalipita tani 500,000. Pembejeo zilikuwa za ruzuku, na mnada wa kwanza wa Soko la Bidhaa, TMX, bei ilivuka 4,000. Serikali ilikuwepo, soko lilikuwepo. Mwambie mkulima achague kimoja uone atakavyokutazama.

Mleta mada

Salfa ya ruzuku inatoka wapi? Ushuru anakatwa msafirishaji, na msafirishaji anaufidia kwenye bei anayokupa. Ni fedha yako hiyo, imezungushwa Dodoma ikarudi ikiwa mifuko, nawe unashukuru. Basi, nishuke kidogo: ushuru ubaki, lakini kila AMCOS iwe na ubao, kiasi kilichokusanywa kutoka zao hili mwaka huu na mifuko mingapi imefika kijiji hiki. Iandikwe na hasara ya ununuzi wa 2018, ililipwa na fungu gani.

Mhasibu mstaafu wa ushirika

Na makato ya AMCOS yenyewe, mstari kwa mstari.

Wa Tandahimba

Ubao naunga mkono. Kangomba, hapana. Na mkienda kumwambia mwenyekiti wetu habari za ubao, msiseme nimewatuma mimi.