Tupeane uzoefu: mlichaguaje chuo cha ubunifu wa ndani, na ithibati iliwafaa nini?

MAMA SALMA
Habari za jioni wakuu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita na kashikilia moja tu, ubunifu wa ndani wa majengo. Nimekusanya vipeperushi vya vyuo, na vyote vimeandikwa "tumesajiliwa na serikali". Mliopita huko, mlichagua kwa kigezo gani? Na huo usajili una faida gani mtu akishamaliza? Wenye matangazo ya vyuo naomba mtupishe.

KIGAE
Shikamoo mama. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, kozi kutambuliwa ni jingine. Mdogo wangu alisoma stashahada kwenye chuo kimoja hapa Dar ambacho usajili kweli kilikuwa nao, lakini wa kozi za kompyuta. Hiyo ya ubunifu wa ndani walijianzishia wenyewe. Alipoomba shahada akatakiwa AVN, ile namba ya uhakiki ambayo NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, humpa mwenye stashahada. Haikutoka, maana matokeo yake hayakuwahi kufika kwao. Ikabidi aanze upya kutoka NTA 4, ile ngazi ya cheti cha awali, kwenye chuo kingine, na wenzake aliomaliza nao kidato cha nne walikuwa wameshaanza kazi. Kwa hiyo ukifika chuoni uliza hivi: kozi hii, kwa jina hili hili, mna ithibati yake hadi NTA ngapi? Jibu lolote watakalokupa, kalihakiki mwenyewe NACTVET.

FUNDI WA SINZA
Mie cheti sina. Useremala nimejifunzia Keko, SketchUp, ile programu ya kuchorea, nimejifunza kwa video, na watoto wanasoma. Mteja wa nyumba anataka picha za kazi zako na bei ya jipsamu. NACTVET hajawahi kuniuliza hata mmoja. Mama, hiyo ada mnunulie kompyuta nzuri umtafutie fundi asiye na roho mbaya.

MZEE WA RULA
Fundi, kwa nyumba ya mtu binafsi sikubishii. Lakini kuna kazi za benki, hoteli na ofisi za serikali, na huko makaratasi huangaliwa kabla ya picha. AQRB, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, kwa sheria ya 2010 inasajili wabunifu wa ndani pia, na safari ya kufika kwenye usajili huo huanza na elimu inayotambuliwa. Mama Salma, kama binti kamaliza form six, stashahada ya nini tena? Chukua mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu Ardhi wana shahada ya fani hiyo. Kasoma tahasusi gani?

MAMA SALMA
HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza.

MZEE WA RULA
Basi someni masharti ya kozi mstari kwa mstari kabla ya kulipa hela ya maombi. Yakimkataa, stashahada inakuwa njia ya kuzunguka, na hapo ndipo maneno ya Kigae yana uzito.

KARAKANA YA NAIROBI
Mimi nilifanyia Chuo Kikuu cha Nairobi. Digrii inaitwa ya dizaini tu, interia unaichagua ukiwa ndani, kwa hivyo usihukumu kozi kwa jina lake. Itisha orodha ya masomo ya kila muhula. Ukiona rangi na mapambo tele, na hakuna michoro ya ujenzi, taa, vifaa na gharama, weka karo yako mfukoni. Halafu tembelea karakana yao siku ya kawaida, si ile siku ya wageni. Mimi ithibati naichukulia kama tiketi ya kuingia uwanjani. Mchezo ni mambo mengine. Kuna vyuo vyenye vibali vyote na hata meza ya kuchorea hakuna.

DADA WA COLUMBUS
Niko Marekani. Huku kuna ithibati ya chuo kizima, ambayo ndiyo inayofungua misaada ya masomo ya serikali, na kuna ya programu yenyewe, inayotolewa na CIDA, baraza la ithibati ya ubunifu wa ndani (hadi 2006 iliitwa FIDER). Mimi nilichagua programu yenye CIDA kwa ajili ya mtihani wa taaluma, NCIDQ. Si sharti utoke huko, ila lazima uwe na krediti zisizopungua 60 za fani pamoja na saa za kazi, na ukiwa na CIDA maswali kuhusu krediti hupungua. Rafiki yangu ambaye programu yake haina CIDA ana kazi nzuri tu kwenye duka la makabati ya jikoni. Mtihani hana haja nao, na deni lake la masomo ni dogo kuliko langu. Mkifikiria kumleta nje, ulizeni TCU kwanza kama chuo hicho wanakitambua, msije mkahangaikia utambuzi wa shahada akiwa amesharudi.

FUNDI WA SINZA
Sawa wasomi. Mama, wakati mnasubiri udahili mlete site, ajue kwanza kama vumbi la jipsamu analiweza.

MAMA SALMA
Jumatatu yupo kwako. Nauli na chakula juu ya nani?