Jaribio la chupa: mbona chupa yenye mimea nayo inatoa maji ya matope?

mwl_sayansi
Habari wadau. Wanafunzi wanapima mmomonyoko kwa chupa tatu za plastiki za lita 2 zilizokatwa ubavuni na kulazwa kwa mteremko, maji yatokee mdomoni: ya kwanza udongo mtupu, ya pili matandazo ya majani makavu, ya tatu ngano iliyooteshwa. Tunamwaga nusu lita kwa jagi. Chupa ya ngano inatoa maji machafu karibu sawa na udongo mtupu. Shida iko wapi?

shamba_darasa
Miche ina umri gani? Ya wiki moja bado haijafunika kitu, matone yanapita katikati ya mashina na kugonga udongo. Sia mbegu zikikaribia kugusana, ngoja wiki tatu hadi nne, mpaka ukitazama kutoka juu usione udongo.

Halafu acha jagi. Mkondo wake unachimba shimo mahali pamoja, na mvua hainyeshi hivyo. Toboa kitako cha kopo kwa msumari mwembamba, lishike sm 30 juu ya chupa na ulitembeze chupa nzima. Simamisha karatasi nyeupe nyuma ya kila chupa: ile ya udongo mtupu itajaa madoa ya tope. Ndipo mwanafunzi anapoona kwamba mmomonyoko unaanza na tone, kabla maji hayajatiririka. Tone huvunja chembe za udongo, vumbi lake huziba vitundu vya juu, maji yanakosa pa kuzama.

udongo_hai
Nyongeza muhimu: ngano mnaimwagilia kila siku, zile mbili zimekaa kavu. Udongo kavu unanyonya, uliolowa unamwaga, kwa hiyo mlinganisho umeharibika tangu mwanzo. Chupa zote zipate udongo wa uzito mmoja, ushindiliwe sawa, na maji sawa tangu siku ya kusia. Usijaze hadi ukingoni. Udongo uishie chini kidogo ya mdomo wa chupa, la sivyo maji yatafurika pembeni.

mwl_sayansi
Asanteni sana. Na udongo ukiteleza bonge zima?

udongo_hai
Hapo maji yametuama chini. Toboa matundu machache kwenye ubavu wa chini, ule chupa inaoulalia, na punguza mwinuko. Kwa chupa ya sm 30, kuinua upande mmoja sm 5 kunatoa takriban nyuzi 10, inatosha.

shamba_darasa
Msiishie kutazama rangi ya maji, pimeni. Andika mililita zilizotoka, chuja kwa karatasi iliyopimwa uzito ikiwa kavu, anika hadi uzito usipungue tena, kisha toa uzito wa karatasi. Rudieni angalau mara tatu, kila mara kwa chupa mpya, maana udongo uliokwisha kunyeshewa umeshapoteza chembe laini. Mkipata nafasi ongezeni chupa ya nne: ngano ileile, majani yakatwe usawa wa udongo na kuondolewa, mizizi ibaki. Tofauti yake na ya tatu ni kazi ya majani. Tofauti yake na udongo mtupu ni kazi ya mizizi na visiki.